Jioni Bi Kume Alipolishika Jiwe

Mume wangu Seikichi aliunda redio yake ya kwanza juu ya kisanduku cha majani ya chai, mwezi wa nne, mwaka wa nne wa enzi ya Showa. Nilikuwa nimekaa kwa wakwe zangu mwaka mmoja na miezi miwili, na bado nilikuwa nakula wa mwisho na kuoga wa mwisho, kama inavyompasa bibi harusi wa kwetu.

Redio yenyewe ilikuwa kitu duni. Haikuwa na taa wala betri. Ilikuwa na waya uliozungushwa kwenye kipande cha mwanzi, visikilizio viwili vya masikioni vilivyoungwa kwa ukanda wa chuma, na jiwe. Jiwe hilo lilikuwa na rangi ya risasi, dogo kama punje ya dengu, na juu yake uliinama waya mwembamba kama unywele. Ncha ya waya ikigusa jiwe mahali panapofaa, sauti ya Tokyo inaingia. Ikigusa pengine, kimya. Na mahali panapofaa hapakuwa na alama. Ukitazama, jiwe lote ni moja. Lakini lilikuwa na sehemu zinazosikia na sehemu ambazo ni viziwi, na leo si kama jana.

Juu ya paa la ghala, Seikichi alisimamisha mianzi miwili mirefu akafunga waya kati yake. Jirani yetu Torakichi, ambaye mashamba yake ya miforsadi yalipakana na yetu, alisimama barabarani akatazama juu mpaka kofia ikamdondoka.

"Seikichi," akasema, "hiyo kamba ya nguo umeiweka juu mno. Mkeo ataanikaje? Atapanda na kikapu mgongoni?"

"Si kamba ya nguo, Mzee Torakichi. Inashika sauti."

"Sauti za ndege. Hizo hata mimi nazishika bure."

Baba mkwe wangu, Mzee Denzo, naye hakuipenda. Alikuwa mtengeneza mchuzi wa soya, kama baba yake na babu yake, na alihofu kwamba waya ule ungeita radi ishuke juu ya mapipa. Alinuna mwezi mzima. Kisha Jumapili moja mchana Seikichi alipata sauti ya mtu akitangaza saa, akamvisha baba yake visikilizio, na mzee akaisikia saa ya Tokyo kwa dakika nzima kabla haijapotea. Kuanzia hapo redio ikawa yake. Alikuwa mtu wa kukataa jambo kwa muda mrefu, kisha kulikumbatia kwa siku moja na kusema alilitaka tangu mwanzo. Kesho yake akapita mlango kwa mlango kualika watu: njooni Ijumaa saa moja jioni, nyumbani kwangu, mtasikia mji mkuu ukizungumza.

Ijumaa hiyo ilikuwa tarehe kumi ya mwezi wa tano. Siku ya themanini na nane tangu kuanza majira ya kuchipua, ambayo wazee wanasema ndiyo siku jalidi, ule umande unaoganda na kuunguza majani, inapoaga milima yetu, ilikuwa imeshapita zaidi ya wiki. Miforsadi ilikuwa imechipua majani ya ukubwa wa sikio la panya. Viwavi wa hariri, ambao chakula chao ni majani hayo tu, walikuwa wameanguliwa siku tatu nyuma, weusi na wadogo kama ufuta uliomwagika, na kila nyumba ilikuwa na trei zao. Kijiji chetu cha nyumba arobaini kilikula na kuvaa kutokana na wadudu hao, hata sisi wenye mchuzi.

Walikuja watu kumi na wawili. Nilipanga mito ya kukalia, nikawasha jiko la makaa, nikaleta chai, achari ya figili na mboga za mlimani nilizozichemsha kwa mchuzi wetu. Seikichi alikaa mbele ya kisanduku, visikilizio masikioni, waya kati ya vidole viwili. Wote walimtazama usoni, maana hapakuwa na kitu kingine cha kutazama.

Akagusa. Akahamisha. Akagusa tena. Chai ya kwanza ikaisha.

"Bado?" aliuliza Mzee Denzo.

"Bado, Baba."

"Jumapili ilikuwepo."

"Jumapili ilikuwepo."

Nikamwaga chai ya pili. Jasho lilikuwa linamtoka Seikichi juu ya mdomo, na niliona mkono wake umeanza kutetemeka, na mkono ukitetemeka kidogo tu waya ule unaruka kama panzi. Torakichi akamhurumia, au akajifanya. Akasogea, akaomba visikilizio, akavivaa juu ya kitambaa alichofunga kichwani, akafumba macho.

"Nasikia," akasema.

Watu wakainama mbele. "Nini?"

"Kuna mtu wa Tokyo anauliza: huko kwa Mzee Denzo mbona wanakunywa chai tupu, pombe ya mchele inaletwa lini?"

Walicheka wote isipokuwa watu wawili wa nyumba yetu. Mimi nilicheka ndani ya mkono wa vazi langu, nikaona haya. Baba mkwe alianza kukwaruza majivu ya jiko kwa vijiti vya chuma, na nilikwisha kujua maana ya mkwaruzo ule.

Hapo ndipo tuliposikia filimbi ya mwanzi barabarani, sauti mbili, ndefu na fupi. Alikuwa Bi Kume.

Bi Kume alikuwa mkandaji. Surua ilimtoa macho akiwa na miaka minne, akafundishwa kazi ya kukanda, na kwa miaka mingi alipita vijiji vyetu jioni, fimbo mkono mmoja na filimbi mkono mwingine, akiita wenye viungo vya kuuma. Kila Jumanne na Ijumaa alimkanda Mzee Denzo mgongo, ulioharibiwa na mapipa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye vidole vipana na ulimi usiolala. Mwaka uliotangulia alimwambia Torakichi kwa sauti ya uchungu kwamba ini lake limehamia upande wa kushoto. Torakichi hakugusa pombe siku mbili, mpaka mkewe alipomweleza kuwa ametaniwa. Hakumsamehe kabisa.

Nilikwenda kumpokea mlangoni. Alikuwa anapapasa viatu kwa ncha ya fimbo.

"Jozi kumi na mbili za mitalawanda," akasema, "na watu kimya. Nani amekufa, mwanangu?"

"Hajafa mtu, Bi Kume. Wanasikiliza redio."

"Nao wanasikia nini?"

Torakichi akajibu kutoka ndani, "Tunasikia Seikichi akitoka jasho. Karibu, Bi Kume. Pengine redio yenyewe ndiyo inataka kukandwa."

Alipita katikati yao, akiwagusa mabega na kuwataja majina mmoja mmoja, akaketi karibu na kisanduku. Aliuliza kitu hicho kinafanyaje kazi. Seikichi akamweleza kuhusu jiwe na sehemu zinazosikia na zisizosikia. Bi Kume alisikiliza, shingo upande.

"Kwa hiyo hakuna cha kuona hapo."

"Hakuna."

"Basi kwa nini mnakitazama? Nipe."

"Bi Kume, ni kazi ya mguso mdogo sana. Hata pumzi inaupeperusha."

"Mwanangu Seikichi," akasema Bi Kume, "mimi hapa nafanya kazi gani?"

Watu wakacheka tena, lakini cheko jingine. Seikichi akamvisha visikilizio mwenyewe, akashika kidole chake akakiweka kwenye kishikio cha waya. Bi Kume alikunja mkono mwingine magotini. Hakuhangaika kama mume wangu. Aliteremsha waya, akaunyanyua, akauteremsha kando kidogo, polepole, huku akisema peke yake kama asemavyo akiwa mgongoni kwa mtu: "Hapa pamekufa. Hapa pamekufa. Hapa pana mchanga mchanga." Kisha akanyamaza.

Uso wake ulilegea. Sijui nieleze vipi. Alikuwa mtu ambaye uso wake siku zote ulikuwa kazini, ukisikiliza nani anakuja na nani anaondoka. Sasa uliacha kazi.

"Kuna mwanamke anapiga zeze," akasema kwa sauti ya chini. "Uzi wa tatu umelegea kidogo. Ameshajua, anaurekebisha. Huyo, ameupata."

"Bi Kume, usitutanie," alisema Torakichi.

"Njoo usikilize, mzee wa ini."

Seikichi alivitoa visikilizio kichwani mwa Bi Kume kama mtu anayetoa yai kwenye kiota. Alisikiliza, akaniangalia, wala si baba yake, akasema, "Ni kweli. Ni zeze." Akampa baba yake. Baba mkwe akakaa wima kama anayepigwa picha. Kisha wakapokezana, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyesikia alitabasamu kijinga, hata wazee. Zamu ya Torakichi ilipofika, aliharakisha kusogea, goti likagonga kisanduku. Waya ukaruka. Akasikiliza, akasikiliza, akavivua.

"Mimi sikusikia kitu," akasema.

"Kwa sababu umelipiga teke zeze la watu," alisema Mzee Denzo.

Bi Kume akalitafuta jiwe upya. Safari hii ilimchukua muda wa kunywa kikombe kimoja. Alipopata, aliinua mkono. "Sasa sivui. Atakayesogea nitamkanda kesho mpaka alie. Nyamazeni, nitawaambia mimi."

Ndivyo tulivyosikiliza redio jioni ile: kwa kinywa cha Bi Kume. Zeze lilikuwa limekwisha. Alikuwa anazungumza daktari.

"Anasema watu watafune kila tonge mara thelathini," akatuambia.

"Tonge la nini?" aliuliza Torakichi. "La kwetu la mtama mara thelathini meno yanaisha."

"Hajataja la nini. Sasa anakohoa. Anaomba radhi kwa kukohoa." Bi Kume akacheka. "Mtu mwenye adabu. Ameomba radhi nchi nzima."

Alitueleza meno, matumbo, na umuhimu wa kulala dirisha wazi. Nilisahau kumwaga chai. Kila mtu alikuwa ameinama kwake, na yeye alituletea maneno yale yakiwa bado na joto, sauti yake ikibadilika kidogo kumfuata msemaji. Sikumbuki kuwahi kuiona sebule ile imetulia vile.

Kisha akainua mkono tena. Midomo yake ilikuwa inafuatisha.

"Hali ya hewa," akasema mwisho. "Anasema mawingu yataondoka usiku huu. Upepo utakufa. Kuelekea alfajiri baridi itashuka sana huku vilimani magharibi, na kuna hatari ya jalidi. Wenye miforsadi wajihadhari." Alisubiri kidogo. "Basi. Amekwenda kwenye habari nyingine."

Torakichi ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Bi Kume, kuna utani na kuna utani."

"Sitanii."

"Nimekuja hapa na vazi moja na bado natoka jasho. Nje mawingu yamefunga. Siku ya themanini na nane imeshapita. Jalidi gani?"

"Mimi nimewaambia alichosema. Sikusema mimi."

Seikichi alichukua visikilizio haraka, akasikiliza, akatikisa kichwa. Redioni alikuwa ameingia mchekeshaji na hadithi ya mtu aliyeuza sufuria. Habari ya hewa ilikuwa imepita, na maneno ya redio yakishapita hayana mahali pa kurudiwa. Katika nyumba ile, aliyeyasikia ni mtu mmoja.

Watu wote wakamgeukia Mzee Denzo, kwa sababu alikuwa ndiye mkuu wa kijiji. Dawa ya jalidi ni moshi, na moshi hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Nyumba arobaini lazima zitoe nyasi na maganda ya mpunga, zikalundike pembezoni mwa mashamba, zikaamke saa nane ya usiku na kukaa na moto unaofuka mpaka jua. Akiwaamsha bure, na nyasi za kufunikia mboga zikateketea bure, kwa neno la kipofu mwenye ulimi na waya uliofungwa juu ya ghala, hilo lingesemwa mpaka kwa wajukuu. Alikuwa anakwaruza majivu.

"Mzee Denzo," alisema Bi Kume. Alikuwa ameweka mikono yote miwili magotini. "Mgongo wako nimekuwa nao miaka kumi na tisa."

"Kumi na tisa."

"Nimewahi kukwambia panauma mahali pasipouma?"

Baba mkwe alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa mahakamani. "Hapana," akasema. "Hujawahi."

"Lakini mimi aliniambia," alisema Torakichi.

"Wewe nilikutania kwa sababu ulikuwa unakunywa. Sasa hivi nakunywa chai, na ninyi mnakunywa chai."

Bado mzee hakuamua. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu niingie nyumba ile. Nilisema mbele ya wageni bila kuulizwa.

"Baba," nikasema, "niruhusu."

Alinitazama kama aliyesikia mlango ukizungumza. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Niliweka buli chini. Nikawaambia wanajua natoka upande wa pili wa kilima. Miaka miwili nyuma jalidi ilitushukia mwezi kama huu, baada ya siku ya themanini na nane, baada ya jioni yenye joto kama hii. Hakuna aliyetuambia. Asubuhi majani yalikuwa meusi kama yaliyochemshwa. Sisi tulikuwa tumewahi kuangua, viwavi wetu walikuwa wakubwa, wamekwisha kulala usingizi wa nne, wa mwisho kabla ya kufuma hariri, na kiwavi wa umri huo hula usiku na mchana. Nyumba nzima husikika kama mvua juu ya paa. Tulitafuta majani siku mbili. Kiwavi mwenye njaa hainui sauti. Huinua kichwa akakipeleka huku na huku, akitafuta, na trei nzima hufanya hivyo kwa pamoja.

"Siku ya tatu baba yangu aliwabeba trei kwa trei akawamwaga mtoni," nikasema. "Hakuturuhusu tumsaidie. Aliporudi, nyumba ilikuwa kimya, na baba akaenda kukaa zizini kwa sababu hakuweza kukaa ndani. Mimi nilikuja kuolewa hapa na sanduku tupu. Wote mnalijua hilo, mmekuwa na adabu hamkulitaja. Nyasi zikiungua bure, tutacheka. Mimi nitacheka wa kwanza."

Nilichukua buli nikaanza kumwaga chai kwenye vikombe vilivyokuwa bado vimejaa.

Mzee Denzo akachomeka vijiti vya chuma kwenye majivu, akasimama huku ameshika kiuno. "Nitapiga ubao wa kuita watu mimi mwenyewe," akasema. "Seikichi, wewe..."

Lakini Seikichi alikuwa ameshavaa viatu. Nilimkuta uani anasukuma baiskeli.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenu," akasema. "Ng'ambo ya kilima hawana redio."

Nilimfungia taa ya mafuta kwenye usukani, vidole vikikataa fundo, akaniondolea mkono akaifunga mwenyewe. Tangu tuoane alikuwa amezungumza zaidi na vitabu vya redio kuliko na mimi, nami nilidhani ndivyo alivyo. Alipanda, akaenda.

Torakichi alivaa mitalawanda yake polepole. "Mimi naenda kulala," aliwaambia waliokuwa wanatoka mbio kutafuta maganda ya mpunga. "Asubuhi nitawaletea maji mnawe masizi."

Yaliyofuata yalikwenda kama redio ilivyosema. Bi Kume hakurudi kwake. Aliketi kibarazani, uso nje, na ndiye aliyetuambia, kabla yeyote hajahisi, kwamba upepo umesimama. Baada ya hapo mawingu yakapasuka, nyota zikatokea, na baridi ikateremka juu ya mashamba kama maji yanayojaa beseni. Tuliwasha. Moshi haukupanda, ulilala juu ya miforsadi, mweupe, ukajitandaza kutoka shamba hadi shamba. Tulikimbia na nyasi mbichi kuufanya mzito. Nilikohoa mpaka nikatapika. Wanawake ambao hawakuwahi kuniita kwa jina waliniita, "Nui, lete huku. Nui, chochea pale."

Kulipoanza kupambazuka, tukaona moshi mwingine upande wa Torakichi. Seikichi, aliyekuwa amerudi saa chache kabla na matope mpaka kiunoni, alikwenda huko, nami nikamfuata. Torakichi alikuwa amesimama katikati ya malundo sita, uso mweusi, macho mekundu, mkewe nyuma yake na uma wa nyasi.

"Mzee Torakichi, ulisema utalala," alisema Seikichi.

"Nachoma takataka. Mtu haruhusiwi kusafisha shamba lake?"

"Alfajiri hii?"

"Mchana nina kazi," akasema Torakichi, akageuka kuchochea.

Jua lilipotoka, jalidi ilikuwa imeweka chumvi yake kwenye kingo za njia na kwenye bonde la kijito. Shamba la chini kabisa, ambako moshi haukufika, liliungua lote, na miti michache ya kila mtu pembezoni. Mengine yalipona. Majani yalikuwa yananuka moshi, na kwa siku mbili viwavi waliyagusa na kurudi nyuma kabla ya kukubali. Kitongoji kilichokuwa chini yetu, ambacho hakikusikia ubao wala hakikuwa na redio, kilipoteza karibu kila kitu, na mwezi mzima tuliwakatia majani ya kuwapunguzia hasara. Torakichi alitoa mengi kuliko wote, akilalamika kila kikapu.

Kuhusu kwetu ng'ambo ya kilima, Seikichi alinieleza tukiwa tunanawa kisimani. Alimgongea baba yangu, akamwambia jalidi inakuja. Baba akauliza nani kasema. Seikichi akajibu, mkandaji mmoja kipofu amesikia kwenye jiwe.

"Naye akasema nini?" nikauliza.

"Alisimama hapo mlangoni akafikiri. Kisha akasema, maganda ya mpunga yako nyuma ya ghala, shika kapu."

Niliinama kunawa uso, nikakaa hivyo muda mrefu. Seikichi akaendelea kunimwagia maji.

Baada ya jioni ile Bi Kume hakupata nafasi. Jioni nyingi aliitwa kwetu kushika jiwe, na kwa kuwa viungo vya watu vilikuwa vinamsubiri, wengine walianza kumsubiri kwetu pia, na sebule ikawa na watu waliolala kifudifudi wakikandwa huku mkandaji anawaeleza Tokyo. Mwaka haujaisha Seikichi alimtengenezea redio yake mwenyewe, akasimamisha mianzi miwili mbele ya kibanda chake, karibu na hekalu. Wakati wa kuchipua, watu walijazana kwake kusikia habari ya hewa. Mzee Denzo alisema kwenye mikutano kwamba yeye ndiye aliyeleta redio kijijini, na hakuna aliyembishia.

Miaka mitatu baadaye umeme ulifika, na pamoja nao redio za umeme, zenye kipaza sauti kikubwa kama ua la boga. Torakichi alikuwa wa kwanza kununua. Ukipita barabarani uliisikia yake ikinguruma kabla hujafika kwenye kona. Hakuna aliyehitaji tena jiwe, wala mtu wa kulitafutia mahali pake.

Siku moja ya mvua nilimpelekea Bi Kume chupa ya mchuzi mpya. Nilikuwa nikimfikiria siku nyingi, nikihisi kwamba tumemtumia kisha tukamwacha. Nilimkuta ameketi peke yake, miguu ameinyoosha chini ya blanketi, birika linachemka, visikilizio masikioni. Nilimgusa goti.

"Ni mimi, Nui. Pole, Bi Kume. Siku hizi hawaji tena."

Alisogeza kisikilizio kimoja nyuma ya sikio. "Nani alikwambia nilikuwa nawataka?" akasema. "Miaka mitatu nimekuwa nasikiliza kwa ajili ya watu wengine. Sijamaliza mchezo hata mmoja bila mtu kuuliza kesho mvua itanyesha. Keti. Usiongee."

Aliupanua ule ukanda wa chuma, akakigeuza kisikilizio kimoja kielekee nje, akanivuta mpaka vichwa vyetu vikagusana. Nikasikia, kwa mbali lakini wazi, watu wakicheza mchezo wa kuigiza. Mwanamke alikuwa anagombana na ndugu yake juu ya nyumba ya mama yao.

"Sasa ameketi," alininong'oneza Bi Kume.

"Umejuaje?"

"Sauti imeshuka. Sikiliza. Ameketi, na amempa mgongo."

Nilisikiliza, na kweli, nikamwona ameketi.